Kwenda Kintinku Kuisikia Marahaba ya Mama Mkubwa

Niliondoka Singida mjini kwa sababu ya neno moja ambalo Mama Mkubwa hakulisema kwenye simu.

Ilikuwa Jumapili jioni. Mama yangu alimpigia dada yake, Mama Mkubwa Zaituni, aliyeolewa Kintinku, wilaya ya Manyoni. Mimi nilikuwa mlangoni napepeta mchele. Nikamsikia mama akisema, "Shikamoo dada." Akanyamaza. Akarudia, "Shikamoo dada." Kisha nikasikia anaongea na Baba Mkubwa Athumani, mume wa dada yake, maana simu ilikuwa imeshahama mkono. Alipomaliza aliiweka juu ya kabati akasema, "Mtandao mbovu." Hakunitazama.

Mtandao haukuwa mbovu. Sauti ya Baba Mkubwa ilinifikia hadi pale mlangoni.

Msomaji asiyetujua anaweza kuona ni jambo dogo. Kwetu si dogo. Mjomba Hamisi, kaka yao wa kuzaliwa tumbo moja, alianza hivyohivyo. Yeye alikuwa mtu wa mnada. Alisimama juu ya lori akinadi blanketi, sufuria na mitumba kwenye magulio yote ya Ikungi, na watu walimwita Hamisi Spika. Siku moja maneno yakaanza kumlemea mdomoni. Watu wakasema amekuwa mlevi, yeye ambaye hakuwahi kuonja pombe, na msikitini wengine wakawa wanasogea kando asije akawapumulia. Baadaye mkono wa kulia ukadhoofu, kisha miguu, kisha kumeza. Daktari wa Dodoma alitueleza kwamba zile neva zinazopeleka amri kutoka kwenye ubongo hadi kwenye misuli zilikuwa zinakufa, na kwamba hakuna dawa ya kuzifufua. Akili yake ilibaki nzima hadi siku ya mwisho. Alisikia kila kitu. Tulimzika mwaka juzi.

Yule daktari alisema pia kwamba mara nyingi ugonjwa huu haufuati ukoo, ila zipo familia chache ambazo unazifuata. Wengine nyumbani walishika ile "mara nyingi". Mimi nilishika "familia chache".

Sikusomea udaktari. Niliishia kidato cha nne, na ninafanya kazi kwenye duka la steshenari pale mjini. Ninayoyajua nimeyasoma mwenyewe kwenye simu, kamusi ikiwa pembeni, neno kwa neno. Tangu tumzike mjomba nimekuwa nikitengeneza kipeperushi cha kuwaeleza watu habari za ugonjwa huo, na hotuba fupi ya kwenda nayo. Kila asubuhi kabla ya kupiga mswaki naisema ile hotuba kwa sauti. Mama hudhani nafanya mazoezi. Mazoezi ni nusu tu. Nusu nyingine nausikiliza ulimi wangu. Nikikosea neno, najiuliza: je, nimekosea kama watu wanavyokosea, au ndiyo imeanza? Kwa hiyo narudia hadi itoke bila doa.

Basi niliwaaga watu kwamba nakwenda kuelimisha. Ndugu msomaji, ukweli ni huu: nilikwenda kuutazama ulimi wa Mama Mkubwa. Kama kaka anao na dada anao, anayefuata kwa kuzaliwa ni mama yangu, na nyuma ya mama nipo mimi.

Jumatatu asubuhi niliomba ruhusa dukani. Tajiri wangu ni Mama Kamla, Mhindi aliyezaliwa hapahapa Singida, ambaye Kinyaturu chake cha kununulia vitunguu ni kizuri kuliko changu. Alinikuta nachapa kipeperushi upya kwa sababu ya mkato mmoja uliokaa vibaya.

"Rehema," akasema, "ukichapa tena hii karatasi mimi nitafunga duka, nirudi kulala."

"Ni ya mwisho, mama."

"Jana pia ilikuwa ya mwisho." Alichukua kimoja, akakisoma chote, polepole, akiwa amesimama. Kisha akauliza, "Huko unaenda peke yako?"

"Ndiyo."

"Na ukikuta kitu kibaya, utalia na nani?"

Alinifungia vipeperushi kwenye mfuko wa nailoni, akafunga mafundo mawili mvua isiingie, na mvua ilikuwa imeshakatika tangu mwezi uliopita.

Jumanne alfajiri, stendi ya Singida. Upepo wa kipupwe ulikuwa unapita hadi kwenye mifupa. Wauza kuku walikuwa wameshapanga matenga yao kandokando ya mabasi. Nilikaa dirishani, nikaweka mkono wa kulia juu ya paja, na hapo nikakiona kidole gumba kikirukaruka. Kidogo tu, kama mtu anabonyeza kutokea ndani ya ngozi. Nimesoma kwamba misuli ya watu wazima wenye afya huruka kwa uchovu, kwa kahawa, hata kwa hofu yenyewe. Nimesoma mara nyingi mno. Nilikifunika kidole kwa kanga nikatazama nje, kwenye yale mawe makubwa yaliyopandana na mashamba ya alizeti yaliyokwisha kuvunwa, mabua yamesimama na vichwa havipo.

Ihanja, asubuhi, siku ya mnada. Nilikuwa nimepanga kushuka hapa kwa sababu ndipo mjomba aliponadi kwa miaka mingi, na ndipo aliposemwa sana. Lori lilikuwa palepale, spika mbili za pembe zimefungwa juu yake. Anayenadi sasa ni Jumanne, kijana aliyekuwa msaidizi wa mjomba, ambaye leo ana kitambi na watoto.

"Jamani!" akatangaza aliponiona. "Huyu ni mpwa wa Hamisi Spika. Ana neno. Mpeni masikio, blanketi hazikimbii."

Nikapewa maiki. Hotuba yangu ilikuwa safi kichwani. Nikasema, "Ndugu zangu, shikamooni wazee. Mjomba wangu hakuwa mlevi. Mjomba wangu aliugua ugonjwa wa mishipa..."

Kicheko kililipuka kabla sijafika mbele. Na mimi, niliyekagua kila mkato, sikuwahi kulifikiria neno hilo kwa masikio ya mnadani. Kwetu ukisema mwanaume ana mshipa, watu hawaendi kwenye ubongo. Wanaelewa ngiri, uvimbe wa kule chini. Mama mmoja aliyekaa na vitunguu vyake alijifunika uso kwa kanga. Mzee mmoja akafoka, "Binti! Siri za wanaume unazitangaza kwenye spika?"

"Kumbe ndiyo maana Hamisi alikuwa anatembea vile!" mwingine akadakia.

"Dawa ya mshipa ipo hapa!" akapaza sauti muuza mizizi. "Unachemsha, unakunywa, unapanda baiskeli!"

Nikaharakisha kusahihisha: "Mishipa ya fahamu! Ya fahamu!"

Pakatulia kidogo. Kisha nikamsikia mama wa vitunguu akimweleza mwenzake kwa huruma, "Aa, kumbe alipoteza fahamu. Kichaa, maskini."

Hivyo, kwa maneno matatu tu, nilikuwa nimempa mjomba magonjwa mawili ambayo hakuwahi kuugua. Sikumbuki nilivyoshuka kwenye lori. Nakumbuka muuza karanga alikuwa ameshapata vipeperushi vyangu na anavikunja kwa ustadi kutengeneza vifuko vya kufungia karanga. "Karatasi safi hizi, dada," akaniambia. "Una nyingine?"

Jumanne alinifuata nyuma ya lori, akanipa soda.

"Usilie. Mbona hukusema kama alivyosema mwenyewe?"

"Alisema nini? Alikuwa hawezi kusema."

"Siku ya mwisho alipokuja hapa." Jumanne alichukua maiki, akanionyesha. "Aligusa hii maiki. Akafuata waya kwa kidole, hivi, polepole, hadi kule juu kwenye spika. Kisha akafanya vidole kama mkasi, akaukata waya katikati. Halafu akajigonga kifuani. Nikamuuliza, 'Kaka, unataka kusema wewe upo, ila waya umekatika?' Akainamisha kichwa. Akanisukumia maiki. Tangu siku hiyo nanadi mimi."

"Hukutuambia."

"Nilidhani mnajua. Si mlikuwa mnakaa naye?"

Niliondoka Ihanja na soda sijaimaliza. Ile hotuba niliyoisema kila asubuhi ilikuwa haifai tena, na kitu kipya cha kusema sikuwa nimekifanyia mazoezi hata mara moja. Kwa mtu kama mimi, hiyo ni kama kutoka nje bila nguo.

Manyoni, mchana umeinama. Nilishuka nikatafuta gesti karibu na reli. Nilikula wali nikitafuna kwa makini, nikisikiliza koo langu linavyomeza, maana mjomba alikuwa akikabwa. Nje kulikuwa na basi linarudi Singida, injini inawaka, kondakta anaita. Nilisimama karibu na mlango wake kwa muda mrefu kiasi kwamba akaniuliza, "Dada, unapanda au unalinda gari?"

Nilitaka kupanda. Naandika hili nikijua mama yangu atalisoma. Nilifikiri hivi: nisipouona ulimi wa Mama Mkubwa, bado ni mtandao mbovu. Nikishauona, hautakuwa mtandao tena. Mguu mmoja ulikuwa umeshafika kwenye ngazi. Kilichonirudisha nyuma si ushujaa. Ni kwamba nilikuwa nimeshampigia Baba Mkubwa kusema nakuja, na mgeni asipofika watu huanza kuuliza kwa nini, na sikuwa na uongo uliotayarishwa vizuri.

Jumatano asubuhi, njia ya Kintinku. Basi liliteremka ukingo wa bonde la ufa, na baridi tuliyotoka nayo Singida ikabaki juu. Chini kulikuwa na joto na majaruba ya mpunga yaliyovunwa, ng'ombe wakitafuta masalio kwenye mashina. Baba Mkubwa Athumani alikuwa ananisubiri kando ya barabara na baiskeli. Yeye ni Mgogo, na tangu nikiwa mdogo hajawahi kunipokea bila utani.

"Karibu, Mnyaturu! Umeleta kuku, au umekuja mikono mitupu?"

"Shikamoo, Baba Mkubwa. Nimeleta karatasi."

"Marahaba. Karatasi hazitagi, mwanangu."

Alifunga mfuko wangu kwenye keria ya baiskeli. Tulipokuwa tunatembea, utani ukamwisha. "Mama yako mkubwa siku hizi ana hasira," akasema. "Sijui nimemkosea nini. Watoto wakimwamkia, haitikii. Watu wazima wakimwamkia, haitikii. Jirani yetu Mama Sikudhani alimpa shikamoo kisimani mbele za watu, akanyamaziwa. Tangu siku hiyo hawasemezani. Kijiji kizima kinasema mke wangu amejaa kiburi." Akasukuma baiskeli hatua chache. "Ijumaa nampeleka kwa mganga. Huenda kuna kitu kimemkalia."

Neno lenyewe nililolisafiria lilikuwa hilo. Marahaba. Tangu Singida nilikuwa nikiogopa kumwamkia, maana jibu ndilo lingeniambia. Kwetu huwezi kuingia uani kwa mkubwa ukazungumza habari nyingine kwanza. Hakuna mlango wa nyuma. Lazima umwamkie, na lazima aitikie.

Alikuwa amekaa kwenye mkeka kivulini mwa nyumba, ungo wa mchele mapajani, anachambua mawe kwa mkono wa kushoto. Wa kulia ulikuwa umelala kando yake. Alikuwa amekonda. Aliponiona, macho yake yaliwaka kama zamani.

"Shikamoo, Mama Mkubwa."

Alifungua mdomo. Nikauona ulimi. Ulikuwa unatetemeka juu yake kote, vitu vidogo vidogo vinapita chini ya ngozi, kama maji yanayokaribia kuchemka. Niliwahi kuuona ulimi wa namna hiyo kwa mtu mmoja tu.

"Marahaba, marahaba," Baba Mkubwa akajibu haraka kwa niaba yake. "Anasema marahaba."

Na mimi, mwenye vipeperushi, niliyetoka Singida kuwafundisha watu, nikamgeukia mume wake.

"Ilianza lini, Baba Mkubwa? Anameza vizuri?"

"Chai inampalia."

"Mkono huu anauinua?"

"Kidogo. Kuchana nywele hawezi."

"Usiku anapumua sawa? Analia ovyo? Anacheka ovyo?"

Tulikuwa tumesimama juu yake, tunaongea juu ya kichwa chake kama watu wanaokagua mbuzi. Ghafla ungo ukapigwa kofi kutoka chini. Mchele uliruka ukamwagika mkekani hadi kwenye viatu vyangu.

Mama Mkubwa alikuwa ananitazama mimi, si mume wake. Midomo ilijikusanya. Shingo ilikaza. Sauti ikatoka puani, imepinda, inaburuta.

"Ni... po."

Hilo ndilo jibu ambalo mjomba alimpa Jumanne kwa kujigonga kifua. Nilikuwa nimelisikia jana yake tu, na nilikuwa nimelilia nyuma ya lori, na halikunisaidia kitu.

Nilivua viatu, nikakaa kwenye mkeka, uso wangu chini ya uso wake. Nikaanza upya. "Shikamoo, Mama Mkubwa."

Nikangoja. Sijui kama umewahi kungoja marahaba. Kwa kawaida inakuja hata kabla hujamaliza kuamkia. Hii ilikuwa inatengenezwa kipande kwa kipande mbele ya macho yangu, na kila kipande kilimtoa jasho. Ilipofika haikuwa na "r" ndani yake.

"Maa... haba."

Nilikuwa nimesikia nilichokuja kukisikia, na kilikuwa kilekile nilichokiogopa.

Mchana ule, Kintinku, mkekani. Nilimweleza Mama Mkubwa na mume wake pamoja, nikimtazama yeye Mama Mkubwa. Niliacha mishipa, nikaacha fahamu. Nilisema habari ya maiki na spika: mtu yupo, anawaza, anajibu, ila waya unaobeba amri unakatika uzi mmoja mmoja, ndiyo maana sauti haifiki na mkono hauinuki. Nikasema si hasira, si kiburi. Baba Mkubwa akamgeukia mke wake na kumwuliza, kama mtu anayemwona baada ya safari, "Kwa hiyo siku zote hizo ulikuwa unaniitikia?"

Mama Mkubwa alifumba macho na kuyafumbua.

Kisha akanigeukia mimi. "Ha... mi... si?"

Nilielewa. Alikuwa anauliza kama ugonjwa wake ni ule wa kaka yake. Katika yote niliyoyaandika, niliyoyafuta na kuyaandika tena, hapakuwa na sentensi ya kujibu swali hilo.

"Sijui, Mama Mkubwa," nikasema. "Naogopa kwamba ndiyo. Lakini mimi si daktari. Kuna magonjwa mengine yanayofanana nao, hata kiharusi kidogo, na mengine yana dawa. Lazima upimwe Dodoma."

Hakulia. Aliutazama mkono wangu uliokuwa juu ya mkeka. Kidole gumba kilikuwa kinarukaruka, na safari hii nilisahau kukifunika. Alikitazama. Akajua ninachokiogopa, nina hakika alijua, kwa sababu aliuleta mkono wake wa kushoto akakikamata kidole changu kama unavyomkamata kifaranga, akakishikilia. Tulikaa hivyo hadi Baba Mkubwa aliposimama na kusema, "Ijumaa haendi kwa mganga. Jumatatu tunapanda basi la Dodoma." Akaongeza kwa sauti ya chini, "Mganga nitamwambia mke wangu ana mtandao mbovu."

Mama Mkubwa alicheka. Kicheko chake kilikuwa bado kizima.

Alhamisi asubuhi, kwenye mashine ya kukoboa mpunga. Mama Mkubwa mwenyewe ndiye aliyetaka kwenda. Alionyesha mfuko wa vipeperushi, akaonyesha kule kunakotoka ngurumo ya mashine, akachukua kanga yake. Wanawake walikuwa kwenye foleni, wamekaa juu ya magunia. Mama Sikudhani, mnene, mwenye kilemba cha kijani, alipotuona aligeuza mgongo kabisa.

Mwenye mashine alizima injini ili nisikike. Sikuwa na hotuba. Nilisimama tu nikaanza, na sentensi ya pili nikaikosea: nilitaka kusema waya wa spika umekatika, nikasema spika imemkata waya. Nikasimama hapohapo. Wote walikuwa wananitazama, na mimi nilikuwa ndani ya kinywa changu, naugeuza ulimi, nauuliza: ni wewe? Ni wewe umeanza?

"Endelea, binti," mtu akasema kutoka kwenye magunia. "Tumekuelewa."

Nikaendelea. Ikatoka na madoa yake. Niliwaambia habari ya mjomba na lile lori la Ihanja. Niliwaambia kwamba sijui kama Mama Mkubwa ana ugonjwa huohuo, ila anasikia yote na anaelewa yote. "Siwaombi mjue jina la ugonjwa," nikasema. "Hata mimi jina lake la kidaktari linanishinda. Nawaomba kitu kimoja. Mwamkieni, halafu ngojeni."

Mama Sikudhani aligeuka. "Kwa hiyo siku ile kisimani alikuwa anaitikia?"

"Alikuwa anaitikia, mama. Wewe ulikuwa umeshapita."

Aliinuka kwenye gunia lake, akapita katikati ya wenzake, akaja kupiga goti mbele ya Mama Mkubwa. "Shikamoo, Mama Shabani," akasema, akimwita kwa jina la mtoto wake wa kwanza. Akangoja. Sote tukangoja. Mama Mkubwa alijaribu, lakini alikuwa amechoka kwa kutembea, au ni macho ya watu, na neno halikutoka. Badala yake aliuweka mkono wa kushoto juu ya kile kilemba cha kijani na kuuacha hapo.

"Nimeipokea," Mama Sikudhani akasema. "Nimeipokea, dada yangu."

Nisikudanganye kwamba wote walishawishika. Mwanaume mmoja aliyekuwa anapakia pumba alitikisa kichwa akasema, "Mmh. Huo ni mkono wa mtu." Injini ikawashwa tena.

Ijumaa, njia ya kurudi. Baba Mkubwa alinipeleka barabarani, na safari hii alinifungia kuku wawili. "Nimezilipia karatasi zako," akasema. Basi lilipopanda ukingo wa bonde, baridi ilitukuta palepale tulipoiacha. Manyoni sikushuka. Ihanja hapakuwa na mnada, uwanja ulikuwa mtupu, maganda ya karanga tu yanapeperushwa na upepo, na karatasi nyeupe mbili tatu ambazo sikutaka kuzitazama zilikuwa za nani.

Tangu Ikungi hadi Singida nilikuwa naandaa jibu. Nilijua mama ataniuliza. Nililipanga, nikalipunguza, nikatoa kila neno lenye ncha.

Singida mjini, jioni. Mama alikuwa amekaa kitandani, hajavua hata kanga ya sokoni. Aliwapokea kuku bila kuwaangalia.

"Umemuona?"

"Nimemuona."

"Anaongea?"

Lile jibu nililolipanga tangu Ikungi halikuja. Nikasema, "Anaitikia, mama. Inachelewa."

Alinitazama usoni, na nikaona hofu yangu yote imekaa machoni pake, yenye umri mkubwa kuliko yangu. Alikuwa nayo tangu Jumapili ile. Kisha akanyoosha mkono juu ya kabati, akachukua simu, akapiga. Baba Mkubwa akapokea. Mama akamwambia amwekee dada yake simu sikioni.

"Shikamoo dada."

Kimya. Nilisikia kuku wakihangaika jikoni. Mama alivuta pumzi, midomo ikaanza kufunguka, nikajua anataka kusema haloo, haloo, kama siku ile. Nikamwinulia mkono. Ngoja. Akaufunga mdomo. Akangoja, ameikaza simu sikioni hadi vidole vikawa vyeupe, na machozi yakaanza kushuka bila yeye kuyafuta.

Nilichojifunza katika safari hii ni kidogo kuliko nilichotaka kufundisha. Bado hatujui watasema nini Dodoma. Bado naamka nikiogopa. Ninachoweza kumwambia anayesoma ni hiki tu, kwamba yule unayedhani amekunyamazia huenda yuko katikati ya kukujibu.

Ikaja. Hata mimi niliisikia kutoka pale nilipokaa, "m" ndefu iliyovutwa kutoka mbali, kisha kipande, kisha kipande. Mama alifumba macho. Akaanza kuongea na dada yake kwa Kinyaturu, anauliza jambo moja, ananyamaza, anangoja. Anauliza jingine, anangoja.

Kidole gumba changu kilikuwa kinarukaruka juu ya paja. Nikakiacha kiruke, nikasikiliza.